Daftari la Sababu

Mama mdogo alilitoa daftari kwenye mkoba tukiwa tumekaa kwenye benchi la korido ya wodi, akalishika kwa mikono miwili kwa muda, kisha akanikabidhi bila kunitazama usoni. Lilikuwa daftari la shule, kona zake zimekunjika. Kwenye ukurasa wa kwanza alikuwa ameandika jina la bintiye kwa penseli, na chini ya jina hilo ikaanza orodha iliyojaza kurasa nne. Homa kali akiwa na miaka miwili. Ugomvi wangu na baba yake, mimba ya miezi sita. Kuwahi kumwachisha ziwa. Kuanguka kwenye ngazi. Mtihani. Yule kijana. Shangazi yangu aliyekuwa akizungumza na ukuta. Baadhi ya mistari ilikuwa imefutwa kwa ufutio hadi karatasi ikakaribia kutoboka, kisha maneno yaleyale yakaandikwa upya palepale.

"Wewe ndiye unayesoma mavitabu," alisema. "Hebu niambie, mwanangu. Nilikosea wapi?"

Sikuwa na jibu.

Ndani ya wodi, mdogo wangu alikuwa amepata usingizi kwa mara ya kwanza baada ya siku tano. Siku hizo zote alikesha akizungumza kwa kasi ambayo hata yeye mwenyewe ilimshinda kuifuata, akagawa nguo zake, akapanga biashara tatu kwa mpigo, akacheka, kisha akatukasirikia kwa kuwa sisi wengine tulikuwa wazito wa kuelewa. Daktari alituambia kwamba ni ugonjwa wa bipola, ambao humpandisha mtu kwenye msisimko uliopitiliza na, pengine baada ya miezi, humshusha kwenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Aliueleza vizuri na kwa upole. Alipoulizwa chanzo chake alijibu, "Ni mambo mengi," akaenda kwa mgonjwa mwingine. Simlaumu, maana korido ilikuwa imejaa watu waliokuwa wakimsubiri.

Swali la mama mdogo na jibu la daktari havikunitoka kichwani kwa wiki saba. Mdogo wangu ameyasoma makala haya kabla sijayaweka hapa, akanisahihisha mahali pawili, akaniruhusu kuendelea.

## Jibu langu la kwanza

Nilianza na jibu lililokuwa karibu. Siku ya tatu nilimpigia simu mama mdogo nikamweleza kwamba ni kemikali tu: seli za ubongo hupelekeana ujumbe kwa kemikali, kemikali hizo zikipungua au zikizidi mtu huugua, na dawa huzirudisha kwenye kiwango chake. Nilijiona nimefanya jambo la maana. Alinishukuru, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na hizo kemikali zilivurugwa na nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kwa bidii, na nikagundua kwamba maelezo yangu yalikuwa na ufa mkubwa kuliko ule aliouona yeye. Mwaka 1949, John Cade, daktari wa Australia, alichapisha taarifa ya wagonjwa kumi wenye msisimko uliopitiliza aliowapa chumvi za lithiamu wakatulia. Lithiamu bado ni mojawapo ya dawa kuu za bipola hadi leo. Lakini Cade aliifikia akifuata wazo jingine kabisa, kwamba kuna sumu katika mkojo wa wagonjwa hao, na wazo hilo halikusimama. Klorpromazini, iliyobadilisha matibabu ya skizofrenia, ugonjwa ambao mtu husikia au kuamini yasiyokuwepo, kuanzia mwaka 1952 jijini Paris, ilitokea kwenye utafiti wa dawa za kutumika wakati wa upasuaji. Iproniazidi, mojawapo ya dawa za kwanza za sonona, ilikuwa dawa ya kifua kikuu, na madaktari waliona tu kwamba wagonjwa wa mapafu walioinywa walichangamka kupita ilivyotarajiwa.

Dawa zilitangulia. Nadharia za kemikali zilikuja nyuma, pale wataalamu walipotazama dawa inafanya nini kwenye ubongo, wakahitimisha kwamba ugonjwa lazima uwe kinyume cha hicho. Hatua hiyo ina kasoro ambayo yeyote aliyewahi kuumwa kichwa anaweza kuiona: dawa ya maumivu hukituliza kichwa, lakini hakuna anayeumwa kichwa kwa sababu mwili wake umepungukiwa na dawa hiyo. Mwaka 2022 kundi la watafiti lilipitia kwa pamoja tafiti za miongo kadhaa kuhusu sonona na serotonini, mojawapo ya kemikali hizo za ubongo, likasema kwamba hakuna ushahidi thabiti kuwa sonona husababishwa na upungufu wa serotonini. Hilo halina maana kwamba dawa hazifanyi kazi. Nimemwona mdogo wangu kabla ya dawa na baada yake, na sitaki msomaji yeyote aache dawa zake kwa sababu ya aya hii. Maana yake ni kwamba kitu kinachotuliza moto hakitwambii nani aliuwasha.

Kwa hiyo nilikuwa nimemwambia mama mdogo jambo nililolijua nusu.

## Mpaka uko wapi

Kabla ya kutafuta chanzo cha kitu, inafaa kukubaliana ni kitu gani. Mfupa uliovunjika huonekana kwenye picha. Kwa sehemu kubwa ya magonjwa ya akili hakuna picha wala kipimo cha damu kinachotoa jibu la ndiyo au hapana; daktari husikiliza, huuliza, hutazama, na huhesabu siku. Ili hali iitwe sonona kwa mujibu wa mwongozo wa madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, mtu awe na angalau dalili tano kati ya tisa kwa wiki mbili au zaidi, na mojawapo iwe huzuni au kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda. Msisimko uliopitiliza nao unahitaji wiki nzima, isipokuwa kama hali ni mbaya kiasi cha kumlaza mtu hospitalini.

Nani alisema wiki mbili? Kwa nini zisiwe siku kumi na moja?

Walikaa watu mezani wakakubaliana. Jambo hilo lilinitikisa kuliko nilivyotarajia, na historia haikunituliza. Mwaka 1851 daktari mmoja wa kusini mwa Marekani, Samuel Cartwright, aliandika kwamba watumwa waliotoroka walikuwa na ugonjwa wa akili, akaupa jina zito la Kigiriki, drapetomania. Hamu ya uhuru ikageuzwa dalili. Hadi mwaka 1973 mwongozo huohuo wa Marekani uliuhesabu ushoga miongoni mwa magonjwa, na Shirika la Afya Duniani liliuondoa kwenye orodha yake mwaka 1990. Ikiwa wenye mamlaka ya kuchora mpaka wamewahi kuuchora vibaya namna hiyo, niliwaza, ni nani atakayenihakikishia kwamba mdogo wangu hakuvutwa ndani ya mstari kwa sababu tu alikuwa akisumbua majirani?

Wazo hilo lilikaa nami kama wiki moja. Kilichonitoa humo ni mambo mawili. La kwanza ni zile siku tano zenyewe, kwa sababu nilikuwepo: usiku wa nne alilia akiniomba nimsaidie kunyamaza. La pili ni shinikizo la damu. Kiwango ambacho juu yake tunasema mtu ana shinikizo la juu kilipangwa na watu mezani vilevile, na kimebadilishwa mara kadhaa, lakini kiharusi hakikupangwa na kamati yoyote. Mstari unaweza kuwa wa kibinadamu, tena wa kubishaniwa, huku kilicho ng'ambo yake kikiwa cha kweli. Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022 huangalia mvurugiko wa wazi katika fikra, hisia au mwenendo wa mtu, mvurugiko ambao kwa kawaida huambatana na mateso au kushindwa kuendesha maisha. Huzuni ya msiba kwa kawaida haimo. Kuwa tofauti na wengine, peke yake, hakumo.

## Magonjwa yaliyohama wodi

Lisikilize vizuri neno wazimu, utasikia mizimu ndani yake. Wagiriki wa kale waliiita huzuni ndefu melankolia, yaani nyongo nyeusi, kwa kuwa waliamini kwamba mwili una majimaji manne na hilo ndilo limezidi. Lugha zilikwisha kujibu swali la chanzo kabla ya daktari kuulizwa.

Nami nilitaka jibu la namna hiyo, jibu la neno moja, na ilinifurahisha kuona kwamba liliwahi kupatikana. Katika karne ya 19 hospitali za wagonjwa wa akili barani Ulaya zilikuwa na watu wengi, hasa wanaume wa makamo, walioanza kwa kujiona matajiri na wafalme, wakapanga miradi mikubwa, kisha wakapooza na kufa. (Niliposoma kuhusu miradi mikubwa nilikumbuka zile biashara tatu, nikafunga kompyuta kwa siku hiyo.) Yalisemwa mengi juu ya tabia zao na udhaifu wa nia zao. Mwaka 1913 Hideyo Noguchi na J. W. Moore waliwaona bakteria wa kaswende ndani ya ubongo wa watu waliokufa kwa ugonjwa huo. Basi. Kumbe ilikuwa kaswende iliyofika kichwani miaka mingi baada ya maambukizi, na penisilini ilipoenea ugonjwa huo ukawa nadra. Pelagra nayo, iliyojaza watu waliochanganyikiwa katika hospitali za kusini mwa Marekani, ilikuja kujulikana kuwa ni ukosefu wa vitamini moja, niasini, iliyotambuliwa kuwa tiba yake mwaka 1937. Na mwaka 2007 Josep Dalmau na wenzake walieleza ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia vipokezi fulani vya ubongo, na mgonjwa, mara nyingi msichana mwenye afya njema, huanza ghafla kuona na kusikia yasiyokuwepo.

Nilielewa hapo kwa nini siku ya kwanza walimtoa mdogo wangu damu chupa tatu huku mama mdogo akilalamika kwamba mtoto haumwi damu. Walikuwa wakitafuta vitu vya namna hii: maambukizi, tezi ya thairoidi iliyozidi au kupungua kazi, upungufu wa vitamini, dawa au kilevi. Vipimo vilirudi safi. Nilisikitika viliporudi safi, na nimeona haya kwa masikitiko hayo, ila ni ya kweli: nilitamani awe na kitu chenye jina na sindano yake.

Kisha nikagundua jambo ambalo sijaliona likisemwa sana. Kila ugonjwa wa akili uliopatikana na chanzo kimoja ulihama wodi. Kaswende ilikwenda kwa madaktari wa maambukizi, pelagra kwa watu wa lishe, ule wa kinga kwa madaktari wa mishipa ya fahamu. Yanayobaki kuitwa magonjwa ya akili ni yale ambayo hayajakubali jibu la neno moja, na tukishangaa kwamba hayana chanzo kimoja tunasahau kwamba yamebaki humo kwa sababu hiyohiyo.

## Kumbukumbu inapotafuta

Nilirudi kwenye daftari. Nilichokuwa sijajiuliza ni iwapo orodha yenyewe inaaminika, na sisemi kwamba mama mdogo alidanganya.

Mwaka 1958 ilichapishwa taarifa iliyosema kwamba akina mama waliozaa watoto wenye sindromu ya Down, hali ya kuzaliwa inayochelewesha ukuaji wa akili, walikumbuka mishtuko na misukosuko ya moyo mwanzoni mwa ujauzito kuliko akina mama wengine. Ilionekana kwamba chanzo kimenaswa: hofu ya mama. Mwaka uliofuata, Jérôme Lejeune na wenzake huko Ufaransa walitangaza kwamba watoto hao wana kromosomu ya 21 ya ziada (kromosomu ni nyuzi zinazobeba vinasaba), na katika hali nyingi kosa hilo hutokea chembe ya uzazi inapoundwa, kabla mimba haijatungwa, kabla ya mshtuko wowote wa kukumbukwa.

Akina mama wale hawakuwa waongo. Mwenye mtoto mwenye afya haulizwi na nafsi yake usiku kucha kilitokea nini mwezi wa tatu wa mimba, kwa hiyo husahau. Mwenye mtoto mgonjwa hulikagua kila juma. Na hakuna ujauzito usiokuwa na ugomvi, wala utoto usiokuwa na homa.

Kuna pia mistari iliyosimama kichwa chini. Mama mdogo aliandika "mtihani" na "yule kijana" kama vyanzo. Mdogo wangu, nilipomwonyesha, aliniambia kwamba usingizi ulianza kumpotea kabla ya mtihani, na kwamba yule kijana aliondoka kwa sababu hakuweza kuvumilia simu za saa tisa usiku. Huenda kufeli na kuachwa vilikuwa dalili za kwanza zilizovaa nguo za sababu. Sina hakika. Yeye mwenyewe hana hakika.

## Mzigo wa akina mama

Nilidhani mama mdogo alijitwika lawama kwa sababu yeye ni mama, na akina mama ndivyo walivyo. Sikujua kwamba sayansi nayo iliwahi kuwatwika.

Mwaka 1948 Frieda Fromm-Reichmann, tabibu mwenye heshima na, kwa kumbukumbu zote, mwenye huruma kwa wagonjwa wake, aliandika juu ya mama anayemsababishia mtoto wake skizofrenia, na dhana hiyo ikaenea ikawa kama elimu iliyokubalika. Usonji nao, hali inayoathiri mawasiliano ya mtoto na wengine, ulielezwa kwa ubaridi wa wazazi, na Bruno Bettelheim aliushikilia mtazamo huo hadharani kwa miaka mingi. Wazazi walioleta watoto kutafuta msaada walirudi nyumbani na hukumu. Ushahidi ulipokusanywa kwa utaratibu, hukumu hizo hazikusimama, lakini sidhani kama kuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia.

Hapa nilikaribia kuandika kwamba malezi hayahusiki kabisa, na ningekuwa nimemfariji mama mdogo kwa uongo. Utafiti mkubwa wa Marekani ulioanza kuchapishwa mwaka 1998, ukiongozwa na Vincent Felitti, ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyopitia mateso mengi utotoni, kama kupigwa, kudhalilishwa kingono, kukulia katika nyumba yenye ukatili au ulevi, ndivyo hatari ya sonona na ya kujaribu kujiua ilivyopanda. Utoto una uzito, ila uzito huo si wa kuwahi kumwachisha mtoto ziwa. Kati ya ukatili wa miaka mingi na makosa ya kawaida ya mzazi aliyechoka kuna umbali mkubwa, na mama mdogo alikuwa ameviweka kwenye safu moja, kwa penseli moja.

Lugha yetu nayo haimsaidii. Sababu ni kitu kilichofanya jambo litokee. Sababu ni hoja. Sababu ni kisingizio, kama tunapomwambia mtoto asitupe sababu. Na ukisema fulani ndiye sababu, tayari umehukumu. Mama mdogo aliposema "sababu" alikuwa akizisema zote kwa pamoja.

## "Kwa hiyo nimempa mimi"

Wiki ya nne nilifanya kosa la pili, na hili ndilo linaloniuma.

Nilitaka kumwondolea lawama, nikamwambia kwamba bipola ni mojawapo ya magonjwa ya akili yenye mzizi mkubwa katika urithi, kwamba mtu huzaliwa na uelekeo wake, kwamba hakuna alichokifanya. Nilidhani nimemtua mzigo. Ukimya wa simu ulikuwa mrefu.

"Kwa hiyo nimempa mimi," alisema. "Yule shangazi ni wa upande wangu."

Nilichopaswa kumweleza, na nilichomweleza baadaye nikiwa nimeketi mbele yake, ni hiki. Kwa watu kwa ujumla, hatari ya kupata bipola maishani ni kama asilimia 1 hadi 2. Kwa mtu ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja anaugua, hupanda na kufikia asilimia 5 hadi 10, yaani inaongezeka mara kadhaa, na bado angalau tisa kati ya kumi hawaugui. Hakuna kinasaba kimoja cha bipola anachopewa mtoto na mzazi kama pete. Utafiti mkubwa wa mwaka 2021 ulikuta maeneo 64 ya vinasaba yanayohusiana na ugonjwa huo, kila moja likisukuma kidogo mno, na sehemu ya maeneo hayo yanahusika na skizofrenia na sonona pia. Sisi sote tunayo baadhi. Zaidi ya hapo kuna pacha wanaofanana, walioanza maisha wakiwa yai moja na vinasaba vilevile. Katika skizofrenia, pacha mmoja akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua ni karibu nusu au chini ya hapo. Urithi ungekuwa amri, wangeugua wote wawili daima. Usingekuwa na nguvu, mwenzake angebaki na hatari ndogo ya mtu yeyote, ambayo haifiki asilimia 1.

Nilichora duara kwenye karatasi kueleza jambo la pacha. Mama mdogo alilitazama akasema, "Huyu mwingine, ambaye hakuugua, walimchunguza wakaona nini?"

Ni swali zuri kuliko langu lolote.

## Kwa nini wakati ule

Ukiuliza kilichomkinga huyo pacha wa pili, unaanza kuuliza juu ya siku na miezi, wala hutazami damu peke yake. Mwaka 1977 Joseph Zubin na Bonnie Spring walipendekeza kwamba kila mtu ana kiwango chake cha wepesi wa kuugua, na kwamba ugonjwa hujitokeza pale msukosuko wa maisha unapokipita kiwango hicho. Aliye mwepesi sana huanguka kwa jambo dogo; mwingine huhitaji mlima. Mwaka huohuo George Engel, daktari wa Marekani, aliwasihi wenzake waache kumgawa mgonjwa, mwili huku na maisha yake kule, wautazame mwili, nafsi na jamii kwa pamoja.

Maneno ya Engel yamenukuliwa sana hadi yamechakaa. Kusema "mwili, nafsi na jamii" kunaweza kuwa namna ya kiungwana ya kusema "ni mambo mengi" na kumwendea mgonjwa mwingine. Walionisaidia zaidi ni George Brown na Tirril Harris, waliozungumza kwa kina na wanawake wa Camberwell, kusini mwa London, wakachapisha matokeo yao mwaka 1978. Waliona kwamba sonona mara nyingi ilitanguliwa na tukio zito, hasa la kupoteza kitu au mtu. Lakini wengi waliopatwa na matukio mazito hawakuugua. Waliokuwa hatarini zaidi walikuwa wanawake waliofiwa na mama kabla ya miaka 11, wenye watoto watatu au zaidi wa chini ya miaka 14 nyumbani, wasio na kazi ya kutoka, na zaidi ya yote, wasio na mtu wa karibu wa kumwambia yaliyo moyoni. Pigo lilikuwa moja, na mtu wa kuambiwa alibadilisha lilipoangukia.

Nilijaribu kuzitazama siku za mdogo wangu kwa jicho hilo. Alikuwa na shangazi wa mama mwenye ugonjwa usiojulikana jina, na hilo lilikuwepo tangu azaliwe bila kumfanya lolote kwa miaka 21. Mtihani ukakaribia, akaanza kusoma usiku. Usingizi ukapungua. Kwa mwenye wepesi wa bipola, kukosa usingizi kunaweza kuwasha msisimko, na msisimko ukishawaka humfanya mtu asihisi haja ya kulala, basi kila usiku unauchochea unaofuata. Akajiona ana nguvu, akasoma zaidi, akapiga simu zaidi. Yule kijana akaondoka, na pamoja naye akaondoka mtu pekee aliyekuwa akimwambia, "Lala sasa." Kufikia usiku wa tano, mtihani ulikuwa umekwisha kitambo na bado gurudumu lilizunguka lenyewe. Kilichoanzisha na kilichokuwa kikiendeleza vilikuwa vitu viwili.

Nilisema hilo kwa daktari tulipokwenda kumwona tena. Alitikisa kichwa kukubali kabla sijamaliza. Alisema kwamba lililo nyuma hawezi kulifikia, ila usingizi anaweza kuupangia zamu, akamgeukia mama mdogo na kumwomba awe anaandika saa za kulala na kuamka, kwa kuwa usingizi ukianza kupungua bila mtu kuchoka, hiyo huwa dalili ya mapema kwamba msisimko unarudi.

## Kurasa za nyuma

Hakununua daftari jipya. Aligeuza lile la zamani, akaanza upande wa nyuma.

Jumapili iliyopita aliniruhusu kulipitia. Orodha ya kurasa nne bado ipo mbele, na sikumwuliza kama bado anaisoma. Mistari miwili imefutwa na haijaandikwa tena: kumwachisha ziwa, na ule ugomvi. Shangazi bado yupo, ila kando yake sasa kuna jina lake kamili na mwaka aliofariki, kwa sababu daktari aliuliza habari zake, na mama mdogo aliwapigia simu ndugu watatu kuzipata.

Upande wa nyuma ni safu za tarehe na saa. Taa imezimwa saa 5. Ameamka saa 12. Jumla: saa 7. Dawa amekunywa. Inaendelea hivyo, siku baada ya siku, kwa mwandiko uleule uliolala kidogo kulia, hadi Jumatano, ambapo penseli imekandamizwa kwa nguvu: Taa imewaka mpaka saa 9 usiku. Chini yake ameanza kuandika namba ya simu ya wodi.

Na chini ya hapo, kwa kalamu ya wino na mwandiko mwingine: "Nililala tangu saa 4. Taa niliisahau. Acha kunichungulia, mama."